Vuli ya Marekani kanisani: mwongozo kwa Mwanglikana aliyehamia huku

Kwetu Muheza, Tanga, vuli ni mvua. Zikianza, watu wanarudi shambani na njia za udongo zinateleza. Huku Ohio neno hilohilo tumelivisha majira mengine kabisa: majani yanageuka rangi ya embe bivu, kisha yanakuwa mekundu, kisha yanapukutika yote, na mtu wa pwani anaanza kuulizia makoti yanauzwa wapi. Kwa kanisa la Episcopal, vuli hii ndiyo mwanzo wa mwaka. Kalenda ya ibada inaanza Majilio, lakini kalenda ya watu inaanza Septemba.

Nililijua hilo kwa kuchelewa. Nilifika Julai, nikakuta ibada moja, watu ishirini na kitu, kwaya likizo, padre likizo, na padre mstaafu wa kuazima madhabahuni. Nikampigia dada yangu simu kwamba kanisa la huku limekufa. Septemba ilipoingia sikupata hata pa kuegesha gari.

Kwa hiyo kama umehamia karibuni, umetoka Tanga, Kisumu, Bujumbura au Bukavu, na ulikuwa Mwanglikana nyumbani, usihukumu parokia kwa kiangazi chake. Ingia wakati wa vuli, na fuata mwongozo huu kama kalenda.

Kwanza kabisa: hakikisha mlango ndio wenyewe

Episcopal ndiyo Anglikana ya Marekani. Baada ya nchi hii kujitenga na Uingereza, waumini wa huku hawakuweza tena kuwa chini ya kiapo cha utii kwa mfalme, na askofu wao wa kwanza, Samuel Seabury, ilibidi aende kuwekwa wakfu Aberdeen, Scotland, tarehe 14 Novemba 1784. Jina la Kanisa la Uingereza likaachwa, likachukuliwa jina linalotokana na neno la Kigiriki la "askofu". Barabarani tafuta kibao chenye ngao nyeupe, msalaba mwekundu, na kona ya buluu yenye visalaba vidogo.

Ukiona kibao kimeandikwa "Anglican", uliza kwanza. Huenda ni kanisa la umoja mwingine ulioundwa 2009 na watu waliotofautiana na Episcopal. Episcopal iliidhinisha wanawake kuwa makasisi mwaka 1976, na ndoa za jinsia moja mwaka 2015. Makanisa yetu mengi ya Afrika Mashariki hayakubaliani na hilo la pili, na la kwanza hutegemea dayosisi. Sikuelezi ili ukabishane na mtu. Nakueleza ili jambo lisikukute kwenye kiti ukaondoka kabla ya kahawa. Amua ukiwa nyumbani, kwa nafasi.

Jambo dogo linalowasumbua wageni kuliko hata hayo: padre huitwa kwa jina lake la kwanza. Mtoto wa miaka sita anamwita padre wa miaka sitini kwa jina, na padre anaitika kwa furaha. Mimi nimeshindwa. Natanguliza "Padre" hadi leo, na padre wetu mwanamke naye namwita hivyohivyo, ameshazoea.

Saa

"10:00" ni saa nne asubuhi. Unacheka, lakini nimeshawahi kumsubiri mtu wangu hadi mchana.

Kuanzia Jumapili inayofuata Siku ya Wafanyakazi ya huku, ambayo ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba, parokia nyingi hurudi kwenye ibada mbili. Ya saa mbili asubuhi ni fupi, aghalabu haina nyimbo, na hutumia Kiingereza cha zamani kile cha wafalme. Ya saa nne au nne na nusu ina kwaya, watoto na lugha ya kawaida. Kama Kiingereza bado kinakupa shida, nenda hiyo ya pili, kwa sababu nyimbo zitakubeba. Katikati ya ibada hizo mbili huwa kuna darasa la watu wazima, na humo utaelewa parokia inawaza nini kuliko ukisikiliza mahubiri kumi.

Halafu kuna mtego wa Novemba. Jumapili ya kwanza ya mwezi huo saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, usiku. Simu inajirekebisha yenyewe, saa ya ukutani haijirekebishi. Mwaka wangu wa kwanza niliamini saa ya ukutani. Nilikaa kwenye gari saa nzima mbele ya kanisa lililofungwa, suti nyembamba ya Tanga mwilini, nikitazama majani yakipeperuka. Mtu wa kwanza kufika alikuwa mpiga kinanda, akanifungulia, akanipa nafasi karibu na bomba la joto. Tumekuwa marafiki tangu hapo, lakini wewe rekebisha saa yako Jumamosi.

Jumapili yako ya kwanza

Mlangoni utapewa karatasi ya ibada. Ishike, ina kila kitu. Kwenye kiti utakuta vitabu viwili: Kitabu cha Sala cha 1979 na kitabu cha nyimbo, ambacho mara nyingi kina jalada la buluu. Ukipotea kati ya kurasa, tazama jirani yako yuko wapi. Mpangilio utautambua mara moja: masomo, Zaburi, Injili, Imani, maombezi, amani, meza. Kama umelelewa upande wa wamisionari wa UMCA kama mimi, uvumba na kengele havitakushangaza. Kama umetoka upande wa wale wamisionari wengine, wa CMS, huenda ukadhani umeingia kwa Wakatoliki. Kaa tu.

Wakati wa kupeana amani ni mkono na maneno mawili. Usianze habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za safari, kwa sababu padre anasubiri na nyuma yako kuna foleni. Habari zote hizo zina saa yake, nayo ni kahawa.

Mezani, aliyebatizwa katika kanisa lolote la Kikristo anapokea. Asiyetaka kupokea anakwenda vilevile, anakunja mikono kifuani mfano wa X, na kubarikiwa. Mkate usio na ngano upo, ukiuomba.

Baada ya baraka usitoroke. Shuka ukumbini kwenye kahawa. Najua kwetu tukitoka kanisani tunasalimiana uani nusu saa. Huku uani kuna baridi, na salamu zote zimehamia kwenye ukumbi huo. Anayekwepa kahawa anaweza kusali mwaka mzima bila mtu kumjua jina. Jaza kadi ya mgeni, na andika namba ya simu inayosomeka.

Septemba: chagua kazi moja

Jumapili ya kurudi, meza za ukumbini hujaa karatasi za kujiandikisha: kwaya, usomaji, shule ya Jumapili, ghala la chakula, kikundi cha madhabahu, kikundi cha kufuma shali. Mgeni mwenye bidii hujiandikisha sita, na kufikia Novemba ameshazikimbia zote. Jiandikishe moja. Ukitaka kufanya kazi na watoto, jua kwamba utapitishwa kwenye mafunzo ya ulinzi wa watoto na kukaguliwa rekodi yako ya polisi. Si kwamba hawakuamini. Kila mtu hupitia hapo.

Ushauri wangu ni jikoni au kikundi cha madhabahu, kwa sababu kazi za mikono hazidai Kiingereza kingi. Mimi nilianzia madhabahu. Jumamosi ya pili, bibi mmoja wa miaka themanini na kitu alinionyesha sinki dogo kwenye chumba cha pembeni, lenye kifuniko cha shaba. Akachukua kile kitambaa cheupe cha kufutia kikombe, akakisuuza kwenye bakuli, akamimina maji taratibu kwenye sinki hilo. Akaniambia bomba lake haliendi kwenye maji machafu ya mji, linakwenda moja kwa moja ardhini, kwa kuwa kilichogusa divai iliyowekwa wakfu hakiendi pamoja na uchafu. Ndipo akakiloweka kitambaa kwa sabuni kama nguo nyingine. Nilikuwa nimeliona sinki kama hilo utotoni mwangu, sikuwahi kujua kazi yake. Nilimwita Bibi, nikaeleza kwamba kwetu ni heshima, si kumzeesha. Sasa kikundi kizima kinamwita hivyo, na wanalitamka vibaya.

Tarehe 4 Oktoba: wanyama

Sikukuu ya Fransisko wa Assisi. Parokia nyingi hubariki wanyama siku hiyo au Jumapili iliyo karibu nayo, mara nyingi nje, kwenye nyasi au mahali pa kuegesha magari. Pia ndiyo siku ya kufunga Majira ya Uumbaji, yanayoanza tarehe 1 Septemba, siku ambayo Patriaki Dimitrios wa Konstantinopoli aliitenga mwaka 1989 kuwa ya kuombea viumbe na mazingira.

Mbwa awe na kamba, paka awe kwenye kikapu kinachofungika. Samaki kwenye chupa wanakubalika, hata mdoli wa mtoto unakubalika. Kama huna mnyama, nenda hivyohivyo. Kwetu mbwa anakaa getini, na mimi sikuwa na mnyama hata mmoja huku, ila nilikuwa na picha ya mbuzi wa mama kwenye simu, wawili weusi na mmoja wa mabaka. Padre aliuliza majina yao. Nikamwambia hawana majina, mmoja ni wa Krismasi. Akacheka, akanyunyizia simu maji ya baraka kwa kijiti cha majani, nikaipangusa kwa shati.

Kama jirani yako Mwislamu anataka kuja kutazama na watoto, mwalike, ila mwambie mapema kutakuwa na mbwa wengi, achague mahali pa kusimama.

Kadi ya ahadi

Oktoba utaletewa barua na kadi: utatoa kiasi gani mwaka ujao? Wengi wetu hushtuka hapa. Nyumbani tunajua Sikukuu ya Mavuno: jogoo, mkungu wa ndizi, mhogo, yai moja linalonadiwa mara tano kwa sababu kila anayelinunua analirudisha mezani linadiwe tena, na mzee wa mnada anawataja watu majina mpaka kanisa zima linacheka. Kutoa kwetu kuna kelele. Kutoa kwao ni kadi kwenye bahasha iliyofungwa.

Kadi si deni wala hati ya mahakama. Ni makadirio, ili halmashauri ya parokia ijue itamlipa nani na kwa nini, maana mshahara wa padre, umeme na paa vinatoka humohumo. Andika kiasi unachokiweza, hata dola tano kwa wiki. Hali ikibadilika, mwambie mweka hazina, utapunguziwa bila maswali. Mwanzoni mwa mwaka utapewa taarifa ya ulichotoa, itunze kwa ajili ya kodi.

Pengine utapewa pia kisanduku kidogo cha buluu cha karatasi. Kila unapomshukuru Mungu kwa jambo, unatia sarafu. Utaratibu huo wa sadaka ya shukrani uliasisiwa na wanawake wa Episcopal mwaka 1889, na visanduku hukusanywa mara mbili kwa mwaka, vuli na masika. Hicho, kwa maoni yangu, ndicho kitu cha huku kilicho karibu zaidi na yai la mnada.

Majirani wa dini nyingine

Hapa ndipo naomba usiwe mgeni. Vuli ina sikukuu za watu wengi: Mwaka Mpya wa Kiyahudi na Siku ya Upatanisho, Sukkot ya vibanda, Diwali ya Wahindu, na mwishoni Sikukuu ya Shukrani ya taifa zima. Parokia nyingi za mjini zina kamati ya kushirikiana na sinagogi na msikiti, na wengi wa wanakamati hao walimjua jirani wa dini nyingine wakiwa watu wazima. Wewe umekula pilau ya Idi kwa jirani na kumpelekea sahani Krismasi tangu hujaota meno ya mbele. Sema hivyo. Wakikuuliza mfano, wasimulie Kanisa Kuu la Mkunazini, Zanzibar, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na husimuliwa kwamba saa ya mnara wake ilikuwa zawadi ya Sultani Barghash. Darasa la watu wazima litataka uendelee.

Ukialikwa kwenye kibanda cha Sukkot, nenda. Ni kibanda cha muda uani, na paa lake la matawi huachwa lionyeshe nyota. Mimi niliingia, nikainua macho, nikasema kwa Kiswahili, "Hili si banda la makuti jamani?" Nikatafsiri, wenyeji wakafurahi kuliko nilivyotegemea. Hukaliwa siku saba. Vaa nguo za joto, maana mnakula nje.

Ukiingizwa kwenye kamati, basi kazi ni hizi.

Anza na kalenda. Usipange kikao Ijumaa jioni wala Jumamosi mchana kwa ajili ya Wayahudi, wala Ijumaa saa saba mchana kwa ajili ya Waislamu. Sikukuu za Kiyahudi huanza jua linapozama siku iliyotangulia. Mmarekani hulisahau hilo kila mwaka. Mswahili aliyelelewa na bibi anayeita usiku wa Alhamisi "usiku wa Ijumaa" halisahau.

Kisha mahali pa Waislamu kusali. Ibada ya pamoja ya Shukrani kwa kawaida hufanywa Jumapili au siku chache kabla ya Alhamisi ya sikukuu yenyewe, jioni. Ohio mwishoni mwa Novemba jua linazama karibu saa kumi na moja na robo. Mkianza chakula saa kumi na moja, sala ya Magharibi itawakuta mezani. Tenga chumba safi, ondoa viti, tandika mashuka safi kama hakuna mikeka, na usiweke picha upande wa mbele. Kibla: ukiwa Tanga unaelekea kaskazini, lakini ukiwa Ohio unaelekea kaskazini-mashariki, kwa sababu dunia ni mviringo na njia fupi ya Makka hupitia huko. Bandika mshale wa karatasi ukutani. Chooni weka kopo au jagi la plastiki la kutawadhia na taulo za karatasi sakafuni, maana sinki zao ni ndogo na maji yatamwagika. Mwaka niliposahau jagi, mzee mmoja alitawadha kwa kikombe cha kahawa chenye jina la parokia. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyeona aibu.

Chakula ndicho chenye mitego mingi. Nyama ya nguruwe wote wanajua kuiacha, lakini hawajui ilipojificha. Viazi vitamu vya Shukrani hufunikwa peremende nyeupe laini zinazoyeyuka, na nyingi za peremende hizo zina jelatini ya nguruwe. Maganda ya pai nayo mengine hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Bata mzinga atafutwe kwenye bucha la halali, au mpike samaki na mboga yaishe. Kwa Myahudi anayeshika kosher kikamilifu, chakula chochote cha jiko lako hakifai hata kama ni maharage matupu, kwa sababu ya vyombo. Usijisikie vibaya, weka meza ya matunda mazima na vyakula vya pakiti vyenye alama, kwa mfano herufi U ndani ya duara, pamoja na sahani na visu vya kutupa. Pombe isiwepo kabisa.

Na karanga. Mchuzi wetu wa karanga unaweza kumpeleka mtoto wa mtu hospitali. Andika kikaratasi mbele ya kila sufuria: kuna nini ndani. Mandazi yangu nimeyaandikia "ngano, maziwa, hiliki, nazi", na huisha kabla ya keki zao, nalisema bila unyenyekevu.

Halafu maneno. Kila dini isome na iombe kwa sauti yake. Msitunge sala moja ya kumpendeza kila mtu, haimpendezi yeyote. Muezini aite, kantori wa sinagogi, yaani mwimbishaji wao, aimbe, padre asome. Ila anayeongoza asimalizie kwa namna inayomlazimisha mwingine aitikie asichokiamini. Zaburi ni mahali salama pa kusimama na Wayahudi. Mwaka mmoja kamati iliniomba nisome ya 100 kwa Kiswahili. "Mfanyieni Bwana shangwe, dunia yote," nikaanza, na kwenye safu ya tatu mzee wa Kisomali mwenye kofia akainua kichwa ghafla. Tulipotoka akanifuata. "Umetoka wapi?" Nikasema, "Shikamoo mzee, Muheza." "Marahaba mwanangu. Mimi nimeishi Mombasa, Mji wa Kale." Tukasimama pale mlangoni hadi wahudumu wakaanza kuzima taa, tukiulizana kama mahamri ya huku yanaumuka vizuri kwenye baridi. Hayaumuki. Yeye huweka unga juu ya bomba la joto.

Oktoba pia kuna matembezi ya kuchangia wenye njaa yanayoandaliwa na Church World Service tangu 1969. Wakristo, Waislamu na Wayahudi hutembea pamoja kilometa chache, na sehemu ya fedha hubaki kwa maghala ya chakula ya palepale. Vaa viatu vya kweli.

Kuhusu Shukrani yenyewe: ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Lincoln aliitangaza kitaifa 1863, na sheria ikaifunga kwenye Alhamisi hiyo mwaka 1941. Usishangae ukisikia ibadani majina ya makabila waliokuwa wenye ardhi hiyo. Kwa baadhi ya wenyeji wa asili ni siku ya maombolezo, na huko Plymouth, Massachusetts, hukusanyika kuomboleza tangu 1970. Usipongeze kila mtu bila kuangalia uso wake.

Majina ya marehemu

Tarehe 1 Novemba ni Watakatifu Wote, tarehe 2 ni Waamini Marehemu. Parokia nyingi huisogeza ya kwanza kwenye Jumapili inayofuata, na ni moja ya siku zinazopendwa kwa ubatizo. Kama una mtoto wa kubatizwa, mwone padre Septemba, usisubiri.

Wiki kadhaa kabla kutakuwa na karatasi ya kuandika majina ya marehemu wako, yasomwe madhabahuni. Fanya mambo mawili. Andika kwa herufi kubwa na ugawanye silabi, kwa sababu jina linaloanza na Mw au Ng' linamtisha msomaji wa huku. Kisha mtafute msomaji kabla ya ibada, umtamkie, naye arudie. Dakika mbili tu.

Mimi nilikuwa na swali. Bibi mzaa mama alikuwa Mwislamu, na amezikwa Kiislamu. Nilimwuliza padre kama naweza kumwandika. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Yeye mwenyewe angeona vibaya?" Nikasema bibi alikuwa akija kunisikiliza nikiimba Krismasi, anakaa nje dirishani, anaondoka kabla ya komunyo. Padre akasema andika. Msomaji alilitamka sawasawa, silabi zote nne, kengele ikagongwa mara moja, likafuata jina lingine.

Makoti, na kufunga majira

Novemba huletwa makoti kwa ajili ya wenye shida. Usione haya kuchukua. Wakongomani wengi walifika nchi hii kupitia huduma ya wahamiaji ya Episcopal, ambayo mwaka 2025 ilimaliza mikataba yake na serikali ya kupokea wakimbizi, kwa hiyo usitegemee kumkuta ofisa wa wakimbizi ofisini kwa parokia. Makoti, chakula na mtu wa kukupeleka kwa daktari bado utavipata. Chagua koti linalofunika mapaja, na ujaribu zipu kabla hujaondoka nalo.

Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio ni ya Kristo Mfalme. Kitambaa cha kijani kilichotundikwa madhabahuni tangu katikati ya mwaka kinabadilishwa na cheupe, na wiki inayofuata, ambayo huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, linakuja zambarau au buluu la Majilio. Jumamosi ya katikati hapo kikundi cha madhabahu hukunja vitambaa, na watu wa jikoni husafisha makabati. Sufuria zisizo na mwenyewe huwekwa mezani na kugawiwa atakayezitaka. Kwa hiyo bandika utepe wenye jina lako chini ya sufuria tangu siku ya kwanza, na kama ulilileta la pilau likabaki, lifuate kabla ya Jumamosi hiyo. Langu la kwanza, lile zito la kutoka nyumbani, lilichukuliwa na mtu wa kwaya. Hupikia supu ya maboga.